Kiazi cha Begonia

Fundi saa alikuwa mtu wa utaratibu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua kibanda chake, aliimwagilia begonia ya marehemu mama yake, ua la chunguni pale dirishani, kikombe kimoja cha maji, hapunguzi wala hazidishi. Mdogo wake wa kike ndiye aliyemwachia baada ya maziko, alipokuwa anarudi kazini ng'ambo. "Nikija likizo naichukua," alimwambia.

Miezi ya mwanzo ilimpendeza. Kila jani lilikaa upande, nusu moja pana kuliko nyingine, na maua yalikuwa yale mekundu ambayo mama alipenda kuyachuma na kuyatafuna mabichi kwa ajili ya uchachu wake. Kisha majani yakaanza kunyauka na kudondoka moja moja. Fundi akaongeza maji. Kikombe kikawa viwili, viwili vikawa vitatu.

Kila Jumapili mdogo wake alipiga simu. "Begonia yetu je?"

"Haijambo. Imechanua."

Siku alipofukua chungu, kile kiazi cha chini, ambacho mmea huota kutoka kwake, kilikuwa kimeoza. Alikigusa, kidole kikazama. Akaenda kwa muuza miche, akanunua begonia nyingine yenye maua mekundu, chini ina mizizi mitupu, akaipanda katika chungu kilekile.

Mdogo wake alipofika, alianza utani mlangoni. "Kaka, mvi zote hizi? Saa za watu unazirudisha nyuma, yako imekushinda?"

"Ingia ndani, mwenye maneno."

Mdogo wake akaenda moja kwa moja dirishani, kwenye chungu. Akachomeka kidole kwenye udongo, akapapasa. Kicheko kikamwisha.

"Kiazi kiko wapi?"

Fundi alitaka kutunga neno, akaona haya. Akamweleza yote, mpaka vikombe vya maji.

"Ilikuwa imelala tu," mdogo wake alisema taratibu. "Kila mwaka huangusha majani, ikapumzika, ikaota tena. Wakati huo haitaki maji. Ungeniambia majani yanadondoka, ningekwambia uiache."

"Sikutaka uhangaike, na uko mbali."

"Najua, kaka." Alikuwa bado anautazama udongo kidoleni. "Mama naye alipougua uliniambia hajambo. Jumapili nane."

Sababu aliyokuwa nayo fundi ilikuwa ileile, na alikwisha kuitoa.