Koti la Kishikizo

Kila asubuhi, kabla hajawasha pasi wala kufunua cherehani, fundi alimtoa Kishikizo kisandukuni, akamweka juu ya meza ya kukatia na kumpima. Alimpima kwa makini kama mteja wa suti: alinyoosha tepu kutoka shingoni hadi mkiani, akaibana kwa ukucha, akaisogeza karibu na macho. Kisha aliitafuta pini aliyoichomeka kwenye tepu ile mwaka uliopita, mkewe alipokuwa hai. Ukucha na pini vilikutana palepale. Kobe hakuwa ameongezeka hata upana wa uzi.

Mkewe ndiye aliyemleta, akiwa amemfumbata kiganjani. Kobe jike wa dada yake alikuwa ametaga uani, na vifaranga wawili wakatoka salama. Dada mtu akabaki na mmoja, mdogo mtu akachukua wa pili. Alipomweka kando ya kopo la vishikizo vya makoti, walicheka wote wawili, mke na mume, na jina likamganda. Haukupita muda mrefu mama wa nyumba akashikwa na ugonjwa uliomlaza moja kwa moja. Akawa anatetemeka hata mchana wa jua kali, na kobe akilala kifuani pake chini ya blanketi.

"Mfunike," alimwambia mumewe siku moja. "Asije akapigwa na baridi kama mimi."

Baada ya hapo maneno yake yalikuwa ya homa tu.

Fundi hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Msiba ulipokwisha, alilitoa kabatini gauni la buluu la marehemu, lile lenye vidoa vyeupe, akalikata na kumshonea Kishikizo koti. Alilitia bitana ya pamba na mpira mwembamba penye miguu. Likamkaa sawasawa, bila kunyanzi, na alipolifua alimvika la pili lililotokana na gauni lilelile. Kitanda cha kobe kilikuwa vipande vya flana chini ya meza ya pasi, mahali penye joto. Asubuhi alimweka dirishani, nyuma ya kioo cha duka, aote jua. Chakula chake kilikuwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa, kwa kuwa hicho ndicho alichoweza kumlisha mkewe kwa kijiko siku za mwisho, naye mgonjwa akakipokea.

Shemeji yake, yule dada wa marehemu, alipita dukani mara kwa mara, na hakuna mara aliyopita bila utani.

"Mwenzake kwangu sasa ni sahani," alisema siku moja, akiegemea mlango. "Wako bado kishikizo. Unamlisha nini, shemeji, vipande vya uzi?"

Fundi akamjibu kwamba wembamba ni wa ukoo wao, ajiangalie mwenyewe kwenye kioo. Shemeji alicheka, akamwokota kobe, akapenyeza kidole chini ya koti na kulibonyeza gamba. Kicheko kikamkatika. Akabonyeza tena.

"Huyu ni laini," alisema. "Gamba linabonyea kama kifuniko cha plastiki. Nipe nikamtunze mimi."

"Dada yako mlimchukua mkamzika kwenu," fundi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Huyu niachieni."

Shemeji alimrudisha kobe mezani polepole, akaondoka bila kuaga.

Maneno yale yalimtia fundi hofu ambayo hakuionyesha. Kesho yake alifunga duka, akamtia Kishikizo kwenye mfuko wa shati na kwenda kwa daktari wa mifugo. Pale kwenye benchi, kati ya mwenye mbuzi anayekohoa na mwenye mbwa aliyefungwa mdomo, watu walimtania kwamba mgonjwa wake amevaa vizuri kuliko wote. Daktari hakutania. Aliyatazama macho ya kobe yaliyovimba, akaitazama miguu ya nyuma iliyoburuzika, akauliza anakula nini na analala wapi. Kisha akaomba koti livuliwe.

Fundi akaweka kiganja juu ya kobe.

"Ana baridi, daktari."

"Ana baridi kwa sababu hapati jua, mzee wangu. Jua lenyewe, mgongoni, siyo la kwenye kioo. Mfupa wake haukomai bila jua. Mpe majani, magugu, maganda ya mayai yaliyosagwa. Mkate na maziwa acha leo hii. Lakini tuanze na hii nguo."

Kiganja hakikuondoka. Daktari alisubiri kwa adabu, kisha akasema kwamba dawa aliyo nayo haitafanya kazi chini ya kitambaa. Fundi akashukuru, akalipa na kutoka. Njia nzima alijiambia kwamba yule ni daktari wa ng'ombe, atajua nini.

Hata hivyo, siku zilizofuata Kishikizo alikataa mkate. Fundi akayapasha moto maziwa, akakataa. Akaongeza bitana nyingine kwenye koti, akakisogeza kisanduku karibu zaidi na pasi. Kobe akafumba macho, yakagandana. Kichwa kikawa kinaning'inia nje kama kitasa kilicholegea, bila hata nguvu ya kujirudisha ndani. Wateja walipigwa kalenda, nguo zikarundikana. Fundi alipiga magoti chini ya meza, akisema naye kwa sauti ileile ya chini aliyoitumia pale kitandani: kidogo tu, onja kidogo tu, kwa ajili yangu. Alikuwa ameshayasema yote haya mara moja, na alijua yaliishia wapi.

Ndipo aliingia mama mmoja na sketi ya shule ya binti yake. Mtoto amerefuka, alisema, kila akigeuka nguo imepanda. Fundi aachie upindo kidogo, upo mwingi kwa ndani, si ndiye mwenyewe aliyeuacha? Fundi akakubali kwa kichwa, akageuza pindo na kuanza kufumua. Chini ya uzi ilitokea akiba aliyoiweka kwa mkono wake, rangi yake bado mbichi kwa kuwa haijaona jua.

Mikono ikasimama.

Tangu aanze kushona hakupata kumshonea mtoto nguo isiyo na akiba. Aliiacha bila kuwaza, kama mtu anavyovuta pumzi: mtoto atakua, nguo lazima iwe na mahali pa kuachia. Akainama, akalitazama lile koti la buluu. Lilikuwa limeshonwa mwaka mzima uliopita na lilikuwa bado linatosha. Akapapasa mishono yake kwa kidole gumba. Hapakuwa na akiba. Hakuacha hata unywele. Katika maisha yake yote alikuwa ameshona nguo nyingine moja tu ya namna hiyo, na mkewe, aliyeivaa, alikuwa amelala kimya, amekwisha kupimwa kwa mara ya mwisho.

Alichukua wembe. Alikata uzi mmoja, wa pili, wa tatu. Koti lilipofunguka, ilitoka harufu ya kitambaa kibichi kilichosahaulika ndani ya beseni. Gamba lilikuwa limepauka, lina unyevu, na kando zake zilipindika. Mama mwenye sketi alimwona fundi akitoka na kobe viganjani, tepu bado shingoni, bila kufunga duka.

Shemeji alikuwa uani anafagia. Fundi alisimama mbele yake akihema.

"Shemeji, nionyeshe," alisema. "Nimemvika vibaya."

Mwanamke aliweka ufagio chini. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyofika kidevuni mwa kobe, akamtumbukiza taratibu na kumpangusa macho kwa pamba. Alimwonyesha magugu ya kuchuma na yale ya kuacha, jinsi ya kusaga maganda ya mayai yawe unga, na jinsi ya kumweka juani penye kivuli jirani, ili akichoka ajisogeze mwenyewe. Fundi alirudia kila jambo kwa sauti kama mwanafunzi. Mwisho akauliza kama atapona.

"Sijui," alisema shemeji, macho yake majini. "Tumechelewa. Mpeleke kwako, umtunze hivi. Sikunyang'anyi tena."

Dukani kwa fundi jua lilifika kwenye ngazi za mbele tu. Kwa hiyo alitoa nje meza, cherehani na kiti, akamweka Kishikizo juani ndani ya kreti, akashona kandokando ya barabara huku jasho likidondoka kwenye vitambaa. Wapita njia walimuuliza kama kodi imemshinda. Alishona mstari, akatazama kreti; akashona mwingine, akatazama tena. Kishikizo alilala kama jiwe. Majani yalinyauka mbele yake, fundi akayaondoa na kuleta mabichi, nayo yakanyauka. Hakumpima tena kwa tepu. Aliogopa pini ile. Siku moja jicho la kushoto likafunguka, na fundi akalia palepale mbele ya mteja. Siku nyingi zikapita hadi jani moja lilipoonekana limekatwa pembeni, mkato mdogo wa duara.

Miguu ya nyuma bado iliburuzika, na shemeji alipokuja na fungu la magugu alisema hiyo huenda isinyooke tena kamwe. Akamgeuzia Kishikizo mwangani, akakaza macho.

"Njoo uone hapa."

Kati ya vigae vya gamba ulikuwa umetokeza mstari mpya, mwembamba, wa rangi mbichi kuliko sehemu nyingine. Fundi aliutambua kabla hajaambiwa. Aliupitisha ukucha juu yake, kwa uangalifu, kama anayepapasa upindo ulioachiwa.

Aliingia ndani, akatoka na vipande vya koti la buluu alivyokuwa amevifua na kushindwa kuvitupa. Aliviunga pamoja, akaacha akiba pande zote, kisha akavitandaza juu ya nusu ya kreti, kwa ajili ya kivuli.