Lita Ngapi?

Neno la kwanza alilosema mume wangu baada ya miezi minne lilikuwa "nyenga".

Tulikuwa tumetoka kliniki huko Syokimau, nami nimesimamisha kiti chake cha magurudumu mbele ya duka la samaki wa mapambo ili nitafute simu mkobani. Yasser alikuwa dereva wa malori, mtu wa kelele, mpaka kiharusi kilipomshika upande wa kulia pamoja na ulimi. Siku hiyo aliinua kidole cha kushoto kuelekea kwenye kioo, akatoa neno zima. Ukoo wao ulikuja Machakos kutoka Pwani. Nyenga wa baharini anamjua tangu utoto, samaki bapa kama chapati, ana mwiba mkiani. Huyu alikuwa wa maji baridi, mtoto bado, ukubwa wa kisahani, na madoa ya manjano mgongoni.

"Namtaka huyo," nikamwambia mwenye duka, Mike.

"Mathe, umewahi kufuga samaki?"

"Nimewahi kukaanga. Nipe na tangi."

Huko nyuma kulikuwa na matangi mawili ya kioo: moja refu kama kabati, jingine fupi na pana, kubwa kuliko meza yangu ya kulia. Mike akagonga lile pana.

"Huyu anataka hii. Yeye hapandi juu, anatambaa chini tu. Na atakua, atafika sinia ya pilau."

"Hili refu ni lita ngapi?"

"Mia tatu sitini. Lakini mathe—"

"Litapita mlangoni kwangu?"

"Litapita, lakini—"

"Basi, funga."

Nina diploma ya usimamizi wa stoo, na nimezaliwa Katangi, kwenye ukame. Stoo ilinifundisha kupanga vitu kwenda juu, kwa sababu sakafu ni haba. Katangi ilinifundisha kwamba tangi ni lita. Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza sakafu ya tangi ina ukubwa gani. Tunauliza litatufikisha mwezi gani. Tena Yasser hulala chali, na tangi refu lingekaa sawasawa na macho yake. Nilidhani nimemaliza kila kitu kwa safari moja.

Jambo moja tu nilimsikiliza Mike. Alisema filta mpya huchukua zaidi ya mwezi kabla ya kuweza kusafisha maji, kwa hiyo nikachukua iliyokuwa ikifanya kazi dukani kwake, na uchafu wake humo humo, maana vijidudu vinavyosafisha maji huishi ndani yake.

Wiki tatu zilipita vizuri. Asubuhi nilikuta Yasser ameshageuza uso kwenye kioo. Alisema "huyo". Alisema "amekula". Siku moja alisema "Mama Asmaa, njoo", nikaacha sufuria jikoni ikaungua, sikujali.

Kisha nyenga akaacha kula. Alikwenda hatua moja akagonga kioo, akageuka, akagonga kingine. Kingo za mwili wake zikaanza kujikunja kuelekea juu kama karatasi karibu na moto. Nikampigia Mike.

"Amejikunja? Hiyo ni mbaya, mathe. Hana mahali pa kugeukia. Mtoe hapo."

Nilikwenda kwa mwenye nyumba, Mzee Mutinda, kumweleza kwamba naleta tangi pana, la lita elfu moja, ghorofa ya pili.

"Elfu moja?" Akavua miwani. "Mama Asmaa, hiyo nyumba nilijengea watu, sikujengea ziwa."

Sikuweza kubishana naye. Lita elfu moja ni tani moja. Nikamwuliza kama kuna nyumba ya chini iliyo wazi. Haikuwepo.

Nzomo, fundi wa mabomba, ndiye aliyetafuta njia. Alichukua tangi jeusi la plastiki, la lita elfu tano, lililokuwa limepasuka juu, akalikata usawa wa magoti. Sakafu yake ilikuwa pana kuliko chumba chetu cha kuogea. Tukaliweka uani, nyuma ya ngazi, na Mzee Mutinda akaturuhusu kuvuta waya wa umeme. Mchanga mwororo wa mto niliusuuza mara kumi na mbili. Lilikuwa tangi linalofaa kabisa, ila lilikuwa jeusi, na kumwona samaki lazima usimame na kuinama.

Nikapanda kwa Yasser. Sijui kuzungusha maneno.

"Akibaki hapa atakufa. Akienda chini humwoni."

Alimtazama nyenga akigonga kioo, akageuka, akagonga.

"Chini," akasema.

Baada ya hapo hakusema kitu siku sita.

Ijumaa, ndugu yake Ramzi na wanaume watatu wa sokoni humteremsha kwenda msikitini. Waliporudi niliwaomba wasimamishe kiti uani kwanza. Wakasogeza kiti hadi kwenye ukingo, wakakiinamisha mbele, Ramzi amemshika kifuani.

"Yuko wapi, shemeji?"

Nyenga alikuwa amejifukia mchangani. "Pale, karibu na bomba. Macho mawili."

Shingo ya Yasser haifiki huko. Nikatupa uduvi, samaki hakutikisika. Kumchokoa siwezi, ana mwiba. Mmoja wa wale wanaume akaanza kuchezesha funguo za duka lake. Tulingoja. Mate yalimtoka Yasser mdomoni, nikayafuta.

"Tumpandishe, shemeji," Ramzi akasema.

Walikuwa wameshapinda kona ya ngazi, nyuma ya ukuta, mchanga ulipotikisika. Akatoka. Kingo zake zilikuwa zimenyooka.

"Ametoka!" nikapiga kelele.

Nyayo zikasimama. Mimi huandika ripoti za stoo: kimeingia, kimetoka, kimebaki; kusimulia sijazoea.

"Anazunguka," nikasema. "Tangi lote. Hagusi ukuta."

Kisha sauti ya Yasser, kubwa kuliko zote za mwaka huu:

"Tena!"

Nikainama haraka. Nyenga alikuwa amekwisha kujifukia, na juu ya ngazi niliwasikia wanaume wanne wakihema kwa uzito wa kiti, wakiningoja niseme.