Kipimo cha Barazani

Nazira aliipenda kompyuta yake kuliko msumeno wake, na hakuona haya kulisema. Tangu arudi Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, na kufungua tena karakana yake ya alumini, programu ile ilikuwa imemwondolea maumivu mengi ya kichwa. Ukiipa upana na kimo cha uso wa jengo, inakuchorea ukuta mzima wa vioo: nguzo za wima, pau za kulala, nafasi ya kila kioo, mpaka urefu wa kukata kila kipande. Ukibadilisha kipimo kimoja, vingine vyote vinajipanga upya vyenyewe. Raha iliyoje! Lakini ukiidanganya, nayo inadanganya vilevile, tena kwa michoro ya kupendeza.

Hilo lilimjia asubuhi ya kufunga fremu za duka la Sadique, aliposhuka garini akamwona Bi Ancha, mama yake Sadique, ameketi barazani na kikombe chake cha chai. Hapo akaikumbuka siku ya kupima. Sadique alitaka vioo vishuke mpaka chini, kama maduka ya mji wa Pemba kule kusini, na baraza lile la mawe livunjwe. Lakini siku ile ya kupima, Bi Ancha alikuwa ameketi palepale. Kumwinua mtu mzima kwenye baraza lake, Nazira hakuthubutu. Kumweleza sababu, ndiyo kabisa. Akapima kuanzia juu ya baraza, akijisemea kimo cha baraza atakiongeza karakanani. Hakukiongeza. Programu ikamwamini, naye akakata alumini yote.

Baraza likivunjwa, fremu zote fupi! Kazi yake ya kwanza kubwa tangu arudi, na mji mzima ungesikia kwamba Nazira na kompyuta yake hawawezi kupima hata mlango wa choo.

Sadique akatokea dukani, akamvuta kando. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mestre, desculpa," alinong'ona, akimwomba fundi wake radhi kwa Kireno. "Baraza sijalivunja. Kila nikitaka kumwambia mama, ulimi unakuwa mzito. Sasa fremu zitaingia kweli?"

Nazira angeweza kujifanya bingwa. Alimtazama yule mwanamume mzima anayemwogopa mamake, akamwonea huruma.

"Zitaingia, kaka. Nilikosea mimi. Nilipima juu ya baraza, nikasahau kuongeza. Ungelivunja, ningeaibika leo."

Sadique akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi funga haraka, kabla sijabadili mawazo."

Kutwa nzima walifunga, na Bi Ancha akisogea upande huu, mara upande ule, bila kuinuka. Alasiri vioo vilikuwa vimesimama juu ya baraza, vimekaa sawasawa, na wapita njia walikuwa wakijitazama na kurekebisha vilemba vyao. Nazira alijisikia furaha tele.

"Njoo ukae, mwanangu," Bi Ancha akasema, akilipangusa jiwe kwa ncha ya kanga.

Nazira akaketi.

"Siku ile ulipokuja na futi yako, mgongo ulikuwa ukiniuma vibaya, nikitamani kuinuka. Ila Zeca mwashi alikuwa keshanambia habari za nyundo. Nikajua nikinyanyuka tu, baraza limekwenda. Na wewe una adabu, usingeniinua."

"Na leo, Bi Ancha?"

Bi Ancha akavigonga vioo kwa kidole, akaridhika.

"Leo nimechoka," akasema. Akainuka, akaingia zake ndani kulala.