Lenzi ya Manjano na Picha ya Bu

Maneno yenyewe niliyapata kwa Ateca, anayeuza majimbi meza ya pili kutoka yangu hapa soko la Suva, mji wetu wa visiwani. Alisema lenzi za kamera za zamani, zile ambazo kioo chake kimegeuka manjano, zina madini ndani yanayotoa miale, na miale hiyo inakausha jicho na kuharibu kizazi. Watu wa kwao na wa kwetu ni watani tangu mababu, wana ruhusa hata ya kutuchukulia kuku, kwa hiyo nusu ya anayosema Ateca huwa naiacha palepale sokoni. Hii ilinikwama kama mwiba wa samaki. Maana wiki ileile binti yangu Talica alikuwa anatafuta lenzi ya zamani.

Nawaandikia akina mama wenzangu. Shule niliishia darasa la nane, na mambo ya kamera nimeyajua kwa kukosea.

Mama yangu, ambaye sote tunamwita Bu, alikuwa ameletwa kutoka kisiwani Gau kutibiwa kifua. Daktari aliniita pembeni, akaniambia tumrudishe kwake akapumzike. Meli ya kumrudisha ilikuwa Ijumaa. Sasa, baba alipofariki, picha tuliyotanguliza mbele ya jeneza tuliikata kutoka kwenye picha ya harusi, na begani kwake pakabaki mkono wa mtu. Hadi leo hatujui mkono wa nani. Bu hajasahau.

"Mimi msinizike na mkono wa mtu," alisema siku aliyofika. "Nataka uso wangu, peke yangu, macho wazi."

Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, na pale amefumba macho. Simu tunazo, lakini picha ya simu ya Talica ukiikuza ikae kwenye fremu, uso unakuwa kama umemwagiwa maji. Kamera yake ni nzuri, ila lenzi iliyokuja nayo ililiwa na kuvu kwa unyevu wa mji huu. Mpya hatuiwezi. Akasikia kwamba lenzi ya zamani inaweza kufungwa kwenye kamera ya kisasa kwa pete ya kuunganishia.

Jumatatu nikaenda naye, kumlinda.

Mzee Mahendra alikuwa na studio miaka mingi, sasa anauzia vitu vyake barazani. Lenzi anaziweka ndani ya kabati lenye balbu inayowaka mchana na usiku, zisishike unyevu. Akatandika kitambaa, akaweka tatu.

"Hizi hazijitafutii sura," akamwambia Talica. "Unazungusha hii pete kwa mkono wako mpaka jicho la mtu likae sawasawa. Kwa picha ya uso, mwanangu, hakuna raha kama hiyo."

Ya kwanza akaimulika kwa tochi. Ndani mlikuwa na nyuzi za kuvu, kama utando wa buibui. "Hii siiuzi. Nimekuonyesha uujue ugonjwa."

Ya pili ilikuwa fupi, nene. Kioo chake rangi ya chai.

"Hapana," nikasema.

"Mama, hata sijaishika!"

"Weka chini. Nataka wajukuu."

Mzee Mahendra akanitazama. "Mama Talica, miale ipo, sikufichi. Ni kidogo sana. Usiitafune tu, wala usilale nayo jichoni. Nimeishika miaka thelathini."

"Ndiyo maana umebaki na kipara."

Akacheka mpaka akakohoa. Talica hakucheka. Alinisihi kwa macho, nami nikakunja mikono. Basi tukachukua ya tatu, ndefu kama chupa ya soda, kioo cheupe kabisa. Tuliijaribu uani kwake. Talica alisimama langoni, mimi nikasimama chini ya mpapai, mbali. Nilipojiona kwenye kioo cha nyuma ya kamera nilijishika shavu. Uso wangu ulikuwa mkali hadi vinyweleo, na majani nyuma yameyeyuka. Tukarudi nyumbani tunaimba.

Jumatano Bu alivaa gauni lake la kanisani, akaketi upande wa juu wa mkeka, mahali pake. Talica akaketi chini mbele yake, amekunja miguu, kama nilivyomlea. Hatusimami juu ya mzee aliyeketi. Ukipita, unainama na kuomba radhi.

"Mama," akaninong'oneza, "naona pua tu."

Akasogea nyuma kwa makalio. Akasogea tena. Mgongo ukagonga ukuta.

"Sasa?"

"Pua na jicho moja."

Akatoka mlangoni kwa magoti, hadi barazani, mvua inamrashia mgongo. Bado. Akashuka ngazi akasimama chini, na kwa kuwa nyumba yetu imeinuliwa, akawa anaona magoti ya Bu na kidevu. Angepanda ngazi angekuwa amesimama wima mlangoni mbele ya bibi yake. Hakuthubutu, na mimi nisingemruhusu. Kumtoa Bu nje, na kifua kile, kwenye mvua ile? Haiwezekani.

"Wewe mtoto," Bu akaita, "unanipiga picha au unaniwinda?"

Tukacheka, lakini alikuwa amechoka. Akalala papo hapo, na gauni lake. Talica akabaki ngazini na kamera chini ya shati, analia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Lenzi tuliichagua tukiwa wima, kwenye uwanja wa mtu, kana kwamba hatuna nyumba ndogo wala wazee. Na ile fupi, ambayo ingetosha kutoka mkekani, niliikataa mimi, kwa maneno ya sokoni, na aliyeishika miaka thelathini sikumsikiliza.

Alhamisi asubuhi nilikwenda peke yangu kwa Mzee Mahendra, nikamwomba tubadilishane. Hakunicheka. Nilipoifunga ile ya manjano kwa taulo na kuibeba mkono ukiwa mbali na tumbo, ndipo akashindwa kujizuia.

"Mama Talica, kwa umri wetu huu, unalinda tumbo lipi?"

"Funga mdomo wako," nikamwambia, na nilicheka njia nzima.

Mchana ule Talica aliketi mkekani, hatua mbili kutoka kwa Bu. Uso wote uliingia, na kola ya gauni. Lakini kifua cha Bu kilikuwa kinampeleka mbele na nyuma, na kila akivuta pumzi jicho liliingia ukungu kwenye kamera. Talica hakuweza kumwambia mzee asitikisike. Nikamwona anaanza kupumua pamoja naye. Bu akivuta, anavuta. Bu akishusha, anashusha, na pale mwisho wa kushusha, kabla hajavuta tena, anabonyeza. Mara nne. Mara tano.

Kile kioo cha manjano kilimpa ngozi rangi ya jua la jioni, na siku hiyo jua hatukuliona.

Jioni Talica akairudisha kutoka kuchapishwa mjini, Bu akaishika mapajani. Akapitisha kidole kwenye mabega yake pichani, kwanza kulia, kisha kushoto.

"Hakuna mkono," akasema.

Ijumaa akapanda meli na picha yake ndani ya mkoba, imeviringishwa kwa mkeka mdogo. Ni miezi minne sasa. Imetundikwa Gau, na yeye bado anaketi chini yake, akiwaonyesha wageni mabega.

Kwa hiyo akina mama, epukeni haya:

Usichague lenzi ukiwa umesimama ikiwa utapiga umeketi. Pima kwanza nyumba yako.
Usinunue bila kumulika tochi ndani.
Usiiweke kabatini bila balbu.
Usimwambie mzee asitikisike.
Usiende dukani na maneno ya Ateca. Msikilize aliyeishika.
Usingoje mpaka meli iwe Ijumaa.