Mapigo Tisini na Mawili

Taa nyekundu ya kile kisanduku ilikuwa ikipepesa mara tisini na mbili kwa dakika, haizidi wala haipungui, na katika chumba changu cha kurekodia pale Mazwi hapakuwa na kiumbe mwingine wa kuaminika. Wanakwaya kumi na mmoja wa kigango cha Pito, kanisa dogo la kijijini, walikuwa wamebanana ukutani, viatu vimejaa vumbi, wakiitazama kama watu wanaosubiri sindano.

Kisanduku nilikinunua Tunduma, mkononi mwa mtu ambaye hakujua anauza nini. Kazi yake ni kuyumbisha sauti ya kinanda. Inafunguka na kufumba, kama mtu anayeimba huku akijiziba mdomo kwa kiganja na kuuachia. Ni chombo cha zamani, hakina kumbukumbu. Kasi ya kuyumba unaitafuta kwa kuzungusha kitufe na kumwomba Mungu. Mwaka mzima niliomba. Mwishowe nikakiunganisha na kompyuta kwa MIDI, waya usiopitisha sauti bali amri tu, amri ishirini na nne kwa kila pigo la wimbo, na tangu siku hiyo kikawa kinayumba sawasawa na mwendo wa muziki. Isdori wa Chala, anayejiita prodyuza, hana kitu kama hicho. Dawa yake kwa kila ugonjwa ni mwangwi. Nilikuwa nikimcheka hadharani.

Lakini Pito ndiyo kwaya inayoigwa na vigango vyote, na anayeiongoza ni shangazi yangu Otilia, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Sijawahi kumsikia akisifu kitu. Dharau zangu zote nilizitoa kwake, kama wengine wanavyorithi pua. Nilitaka, mara moja tu maishani, asikilize kazi yangu akose la kukosoa.

Tatizo lilikuwa mpiga ngoma. Sebastiani ni fundi uashi, na aliipiga ngoma kama mtu anayewahi saruji isikauke. Beti ya kwanza alikuwa pamoja na taa. Ya tatu alikuwa ameshaikimbia, na kwaya nzima nyuma yake. Nikamvalisha spika za masikioni zenye mlio wa kuhesabia. Akazivua. Nikamvalisha tena. Baada ya mara ya tano niliwaacha waimbe wapendavyo, nikawaaga, kisha kwa siku mbili nikakata kila pigo la ngoma na kulirudisha mahali pake, tisini na mawili kwa dakika, mwanzo hadi mwisho. Kisanduku kikayumba juu yake bila kosa hata moja.

Walikuja kusikiliza. Wimbo ukaisha.

“Ni msafi,” alisema shangazi. Akajifunga vizuri kitenge chake, kisha akauliza kwa upole uliouma kuliko tusi, “Sasa huu wimbo ni wa nani?”

Kesho yake nikasikia kwamba Jumamosi wanakwenda kurekodi kwa Isdori. Nikajiambia kwamba kumpigia mbuzi gitaa ni kujichosha, ila usiku huo sikula.

Ngoma yao ilikuwa imebaki kwangu. Alhamisi nikaipakia kwenye bodaboda nikaipeleka Pito, mtu asije akasema nimeishika. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa ukikata masikio. Niliwakuta uwanjani nyuma ya nyumba ya shangazi, wanapura ulezi juu ya ngozi ya ng'ombe. Nikamwamkia shangazi. Akaitikia marahaba bila kusimamisha fimbo, mguu wake wa kulia ukisukuma makapi pembeni. Walikuwa wanaimba wimbo uleule.

Nikatoa simu nikaanza kugonga kioo kwa kidole kupima mwendo, kwa mazoea ya kutafuta makosa ya watu. Themanini na nane. Beti ya pili, tisini na nane. Ya tatu, mia na kumi na tano, na fimbo zote zilianguka pamoja, hakuna hata moja iliyochelewa.

Sebastiani alinisogelea kuchukua ngoma yake. Alikitazama kidole changu.

“Ulezi ukiwa bado umeshikamana, fimbo ni nzito,” alisema. “Ukianza kuachia, fimbo inaruka yenyewe. Ulidhani tunakosea.”

Hakuniuliza. Alinieleza tu, kama ninavyowaeleza wateja wasiojua hata kushika kipaza sauti. Niliona aibu, tena ya kuchoma, kwa sababu nilikulia kwenye uwanja ule. Kila mwezi wa saba nilikuwa najificha nyuma ya ghala na redio, nikiwacheka watu wanaochapa nyasi. Nyani haoni kundule.

Nilisubiri wamalize, nikamwambia shangazi kwamba Jumamosi wapitie kwangu kwanza, na waje na ngozi ile.

“Ngozi tupu haipurwi,” alisema.

Wakaja na gunia la ulezi ambao haujapurwa. Chumba nilichokuwa nikikifuta vumbi kila asubuhi kikajaa makapi hadi kwenye matundu ya kompyuta. Chini ya ngozi nilikuwa nimebandika kisahani cha shaba nilichokitoa kwenye saa mbovu ya ukutani, kile kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Kila fimbo ya shangazi ilipoanguka, kisahani kiliipa kompyuta habari, kompyuta ikakadiria pigo lijalo, na amri zikashuka kwenye waya wa MIDI mpaka kwenye kisanduku. Nilijaribu kwanza na ngoma ya Sebastiani, ila madoido yake yaliichanganya. Fimbo ya shangazi haikuwa na madoido.

Taa nyekundu ikaanza kumfuata. Ulezi ulipoachia, taa ikaharakisha. Mimi, mguu wangu uliokuwa ukigonga chini ya meza ulibaki nyuma.

Walipomaliza, Sebastiani alipepeta na kurudisha nafaka guniani, akafagia mpaka sakafu ikabaki wazi. Shangazi akasimama karibu na kiti changu. “Tusikie,” alisema.

Nikafungulia. Beti ya kwanza nilimtazama mdomo, nikisubiri lile swali. Ya pili alikuwa amefumba macho. Ya tatu kinanda kilikuwa kinafunguka na kufumba kwa haraka pamoja na fimbo. Kisha mguu wake wa kulia ukatoka ndani ya kandambili, ukaanza kusukuma polepole makapi ambayo hayakuwepo, kuyaelekeza upande wangu.

Nikainua miguu yangu kumpisha.