Mama Dobi Mezani pa Mapokezi

Nawapa wote na siishiwi, ni nini? Ni salamu. Lakini asubuhi ile Mama Dobi, aliyefua mashuka ya nyumba ya wageni kwa miaka kumi na mmoja, aliona kama zake zimemwishia hata kabla hajafungua kinywa.

Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya mapokezi, viganja vimempasuka kwa sabuni na dawa ya madoa. Daktari alikwishamwambia: akiendelea na maji yale, vidole havitakunjika tena. Dada wa mapokezi alikuwa ameolewa na kuhama, kiti kikabaki wazi. Meneja akamwambia kwa mkato, "Leo anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Akiridhika na Kiingereza chako cha kusalimia wageni, kiti ni chako. Asiporidhika, beseni lako unalijua."

Kiingereza chenyewe alifundishwa na bintiye wiki nzima, huku wakimenya viazi.

"Mama, shika matatu tu. 'Hai' ni ya mtu mliyezoeana. 'Helo, hau a yu' ni ya mtu wa katikati. 'Gud moning, sa' ni ya mtu wa heshima."

"Na huyo wa heshima nitamjuaje?"

"Aa, mama! Si utamwona tu?"

Saa tatu kasorobo mlango ukasukumwa, wakaingia wawili kwa pamoja. Mbele mzee, shati limelowa jasho, mfuko mzito begani. Nyuma yake msichana wa rika la bintiye, viatu vya raba, simu mkononi. Heshima Mama Dobi aliiona mara moja: ilikuwa kichwani mwa mzee, nyeupe pe.

Akasimama wima. "Gud moning, sa! Welkam, sa!" Kisha akamgeukia msichana kwa tabasamu. "Hai!"

Mzee akaganda. "Mama, mimi fundi bomba. Nimeitwa choo cha juu."

Meneja akatoka ofisini mbiombio, akampita mzee kama anapita nguzo. "Karibu sana, mkaguzi!" akamwambia msichana.

Mkaguzi aliandika kitu kwenye simu yake, akapanda ngazi pamoja na meneja.

Ilikuwa saa nzima ya mateso. Mama Dobi alipanga kalamu, akazipangua. Fundi alipomaliza kazi akapita anafuta mikono.

"Usihuzunike, dada. Tangu nizaliwe sijaitwa 'sa'. Lile bomba nimelifunga, halivuji hata likitukanwa."

Alitaka kucheka, akashindwa. Mkaguzi na meneja walikuwa wanashuka.

"Utusamehe," meneja alianza, "huyu ni dobi tu, tulikuwa tunamjaribu—"

"Subiri kwanza. Mama, mbona fundi umempa 'sa', mimi 'hai'?"

Angeweza kusingizia kusahau. Ulimi ukakataa. "Mwanangu, yule ni mtu mzima. Wewe ningekuzaa."

Meneja akafumba macho.

Mkaguzi akakuna shingo. "Kiingereza hakihesabu mvi, mama. Kinauliza kama mnajuana, na mko wapi. Hapa ni kazini, na anayeingia mlango huo humjui. Mpe ile kubwa, awe nani awe nani."

"Hata fundi?"

"Kwa fundi ulipatia." Akatia simu mfukoni. "Kaa wiki mbili tuone. Lakini nikisikia 'hai' moja tu kwa mgeni, unarudi kufua."

Kabla hajashukuru, mlango ukafunguka. Akaingia mama mwenye masanduku, ameshika mkono wa mtoto wa miaka minne hivi. Mkaguzi alikuwa bado amesimama palepale, anasikiliza. Mama Dobi akamsalimia yule mgeni kwa ile kubwa, ikapita salama. Kisha akamtazama mtoto. Mtoto naye akamtazama.

"Gud moning, sa," akasema Mama Dobi.

Mtoto akajificha nyuma ya gauni la mamaye.