Kofia ya Mjomba Katika Chumba Kitupu

Saa mbili asubuhi Chomoa alikunja mikono ya blauzi, akachomoa plagi ukutani huku kompyuta ikiendelea kuhifadhi mafaili. Ndiyo kazi iliyompa jina. Programu ya ofisi yao hutunza kila badiliko la faili, ukikosea unarudi ulikotoka, na yeye aliajiriwa kuitafutia ubaya. Aliipa faili lisilo na neno ndani, faili lenye jina refu kama safari ya mguu, faili lililokatika katikati. Akawasha. Yote yakarudi mazima.

"Mkorofi kama wewe sijamwona," bosi alisema.

"Ahsante, bosi."

Ili kuwatambia wateja, bosi alikuwa ameiingiza ofisi nzima ndani ya programu: kila chumba folda yake, na ndani yake meza, birika, hata kikohozi cha mhasibu. Plagi ikichomolewa, ofisi ilipotea. Ikirudishwa, mhasibu alimalizia kukohoa. Siku hiyo kilikosekana chumba kimoja tu. Penye mlango wake palikuwa na ukuta, umepakwa rangi vizuri.

Kilikuwa chumba cha mjomba wake Chomoa, aliyemfundisha kazi. Mjomba aliwahi kusema wazi kwamba programu haikumbuki folda isiyo na kitu. Bosi akamfukuza kwa kuichafulia jina, chumba kikafagiliwa, kikabaki kitupu.

"Kitupu ni kitupu, dada," bosi alisema, akitundika saa kwenye ukuta mpya. "Nani atakidai?"

Kesho yake Chomoa alikuja na kofia ambayo mjomba aliisahau nyumbani kwake. Akaifungua upya folda ya chumba cha mjomba. Mlango ukarudi penye ukuta, saa ya bosi ikarudi kwenye boksi lake. Chomoa akaingia, akaiangika kofia msumarini, akahifadhi, akachomoa. Ofisi ilipowaka, chumba kilikuwepo, na kofia imekaa upande kama ilivyozoea. Aliliendea birika kifua mbele.

Jioni alimpigia simu mjomba.

"Chumba chako kipo."

"Na kazi?"

"Kazi bado, mjomba. Bosi anasema hakuna kosa lililowahi kuonekana."

Mjomba alicheka mpaka pumzi zikamwishia. "Kumbe kofia imerudi kazini, mwenyewe niko nje. Nilikufundisha, sikukufundisha?"

"Ulinifundisha."

Programu iliuzwa hivyohivyo. Folda tupu za wateja zinaendelea kupotea. Ila chumba kile hakipotei, na bosi, kabla ya kuingia, hupiga hodi.